Transista Haizai Umeme: Kweli na Uongo wa Benchi la Fundi

Kaa robo saa kwenye benchi la fundi wa redio, iwe Nyasho mjini Musoma, jirani na stendi ya Bunda, au Kiabakari wilayani Butiama. Utaondoka na mafunzo ya kutosha kufungua kibanda chako mwenyewe. Ubaya ni kwamba nusu ya mafunzo hayo ni kweli tupu na nusu ni simulizi. Fundi aliyapokea kwa aliyemfundisha, naye kwa aliyemtangulia, na katikati hapo hakuna aliyeshika mita akahakikisha.

Siku hizi simulizi nyingi zinahusu jambo moja: kutumia transista kugawa umeme wa chanzo kimoja kwa vifaa kadhaa. Sababu anaijua yeyote anayeishi Mara. Nyumba moja ina umeme wa TANESCO, paneli juu ya bati na betri ya pikipiki uvunguni. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakiingia ziwani na karabai usiku wa giza, wengi wao sasa wanatumia taa za LED zenye betri, na asubuhi betri hizo zote zinagombea paneli ileile. Mwenye kibanda cha kuchaji simu ana televisheni, king'amuzi, redio na rundo la simu za wateja. Kila mmoja wao anatamani kitu cha kuwasha hiki na kuzima kile bila mtu kusimama kwenye swichi usiku kucha. Kitu hicho kipo. Kina miguu mitatu, kinauzwa kwa bei ndogo, na kimezungukwa na maneno mengi.

Simulizi zilizo hapa chini bila shaka umeshazisikia. Kipimo changu ni kimoja. Watu huisifu transista kwa jinsi inavyowasha. Mimi nitaiuliza inazimaje, na ikifa inafia upande gani.

"Transista inazidisha umeme, ndiyo maana redio ndogo inapiga kelele"

Uongo, ingawa naelewa ulikotoka.

Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa kwenye kundi la William Shockley. Wote watatu walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Kazi ya kwanza waliyoionyesha ilikuwa kukuza sauti, na kwa sauti ndivyo ilivyotufikia sisi. Wazee wa Butiama waliomsikia mwana wao, Mwalimu Nyerere, akilihutubia taifa kupitia Redio Tanzania, walimsikia kwa kifaa ambacho kila mtu alikiita transista, kana kwamba ndani hamna kingine. Mawimbi hafifu yanaingia, sauti ya kujaza ua inatoka. Mtu atasemaje isipokuwa umeme umezaliwa humo?

Haukuzaliwa. Mkondo mdogo kwenye mguu wa besi unafungulia mkondo mkubwa upite kati ya kolekta na emita, lakini huo mkubwa wote umetoka kwenye betri. Weka mita ya ampea kwenye waya wa betri, kisha ongeza sauti ya redio: namba inapanda. Kwa hiyo anayekuambia paneli ya wati 50 itaendesha vitu vya wati 100 mradi ugawe kwa transista, mwombe akuonyeshe wati 50 zilizobaki zinaingilia wapi. Transista inaweza kuvipa vifaa zamu. Inaweza pia kuwasha na kuzima taa mara mamia kwa sekunde ili mwanga upungue na betri idumu. Hapo umepunguza matumizi, hujaongeza umeme.

"Betri za redio zikichoka, zianike juani"

Kweli, kwa muda mfupi. Naitaja kwa sababu inaenda pamoja na redio, na kwa sababu vijana wanaicheka bure. Joto huharakisha kemia ya betri kavu na kupunguza ukinzani wa ndani, na mapumziko yenyewe nayo huirudishia nguvu kidogo. Redio ya transista inakula mkondo mdogo, hivyo hicho kidogo kinatosha taarifa ya habari. Jua halijaichaji betri hiyo, na ukiisahau juu ya bati siku nzima inaweza kuvuja na kuozesha vyuma vya redio. Ila bibi aliyeanika betri hakuwa anabahatisha.

"Transista kubwa kwa umbo ndiyo yenye nguvu; 2N3055 ndiyo baba lao"

Nusu kweli, tena nusu ya zamani.

2N3055, ile ya kofia ya chuma yenye matundu mawili ya skrubu, inastahili heshima. Kwenye karatasi inabeba ampea 15 na volti 60, na imeendesha amplifaya za kumbi na za nyumba za ibada bila kulalamika. Ukiifanya swichi, hata hivyo, inakula na wewe. Ili ipitishe ampea 4 vizuri, watengenezaji wanaipimia mkondo wa ampea 0.4 kwenye besi. Ukiutoa huo kwenye betri ya volti 12, ni karibu wati 5 zinazoteketea kwa ajili ya kuishikilia swichi tu. Juu yake, inaweza kubakiza volti 1.1 kati ya kolekta na emita, yaani wati nyingine 4.4 za joto. Umepoteza taa kadhaa za LED kabla hujawasha hata moja.

Sasa chukua mosfeti ya IRFZ44N, kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba. Ukinzani wake ikiwa imefunguka vizuri ni mili-omu 17.5, yaani sehemu 17.5 kati ya elfu za omu moja. Ampea 4 zikipita, joto ni wati 0.28. Aina hii ya transista ilibuniwa mwaka 1959, palepale Bell, na Mohamed Atalla mzaliwa wa Misri na Dawon Kahng mzaliwa wa Korea, na leo ndiyo imejaa kwenye inveta, chaja na kompyuta zote unazozijua.

Usije nawe ukaniambia kwamba imeandikwa ampea 49, basi uipitishie 49. Namba hiyo ni ya mwili uliopozwa na kubaki nyuzi 25, jambo ambalo halitokei ndani ya kiboksi cha plastiki mchana wa Bunda. Bila bati la kupozea, kila wati moja inaipandisha IRFZ44N kwa nyuzi kama 60 juu ya joto la chumba. Wati 0.28 ni nyuzi 17, haina tabu. Wati 2 ni zaidi ya 120, kidole hakikai. Wati 3, kwaheri.

Na kabla hujanunua 2N3055 ya bei ya kutupa, jua kwamba ni miongoni mwa transista zinazoghushiwa sana duniani. Kofia ni ileile, maandishi ni yaleyale, ila kipande cha silikoni ndani ni cha transista ndogo.

"Ukitaka mara mbili, funga mbili sambamba"

Kwa mosfeti zilizofunguka kabisa: kweli. Kwa transista za kawaida: uongo. Mosfeti inayopata joto huongeza ukinzani, hivyo inamwachia mwenzake sehemu ya mzigo. Transista ya kawaida ikipata joto hupitisha zaidi, inapata joto zaidi, mpaka moja inabeba peke yake huku nyingine inatazama. Ndiyo maana kwenye amplifaya utakuta kila 2N3055 ina resista yake ndogo kwenye emita.

"Mosfeti haili mkondo, kwa hiyo haihitaji resista, igusishe tu inawaka"

Sehemu ya kwanza kweli. Sehemu ya pili imeua mosfeti nyingi kuliko radi.

Fanya jaribio hili, ni la kufurahisha na halina hatari kwa volti 12. Unganisha taa ya LED ya volti 12 kati ya chanya ya betri na mguu wa dreni. Mguu wa sosi uende hasi. Mguu wa geti uache wazi. Gusa chanya kwa kidole kimoja na geti kwa kingine: taa inawaka. Ondoa vidole: inaendelea kuwaka! Gusa hasi na geti: inazima. Watoto wa jirani watakuita mchawi.

Hakuna uchawi. Geti limetengwa na sehemu nyingine kwa tabaka jembamba mno la oksidi, hivyo halipitishi mkondo; linahifadhi chaji kidogo tu, nayo inakaa pale hadi ipate njia ya kuondoka. Sasa fikiria saketi yako ya kuchagua taa za wavuvi. Waya wa geti umekatika au umelegea. Mosfeti haijui iwake au izime, basi inafuata upepo: unyevunyevu, kidole, waya wa jirani. Resista moja ya kilo-omu 10 kati ya geti na sosi inamaliza ubishi, kwa kuwa pasipo amri, geti linarudi sifuri na taa inazima. Bila resista hiyo hujajenga swichi.

Kosa la pili ni kusoma vibaya karatasi ya mtengenezaji. Imeandikwa kwamba IRFZ44N inaanza kufunguka kati ya volti 2 na 4, na vijana wanaocheza na vibodi vya Arduino wanashangilia: bodi yangu inatoa volti 5, imetosha. Kuanza kufunguka maana yake ni kupitisha robo ya miliampea. Ule ukinzani mdogo niliousifu umepimwa geti likiwa na volti 10. Ukiipa pungufu inaweza kubaki katikati, haijafunguka wala haijafunga. Ikibakiza volti 3 mwilini huku ampea 2 zikipita, hizo ni wati 6, na hesabu ya nyuzi 60 kwa wati unayo. Kama amri yako ni ya volti 5, nunua IRLZ44N. Herufi L ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

"Kukata hasi au kukata chanya, yote ni kukata umeme"

Kwa kifaa kimoja kilicho peke yake: kweli. Kwa vifaa kadhaa vinavyojuana: uongo, na huu ndio uongo unaolaza mafundi wengi macho.

Mosfeti za kawaida, za aina ya N, ni rahisi kuzitumia upande wa hasi. Sosi kwenye hasi ya betri, kifaa juu yake, basi. Taa nne za LED ukizigawa hivyo hazina neno. Tuseme sasa ni kibanda pale Bunda: televisheni ya volti 12, king'amuzi chake, redio na chaja za simu, vyote kwenye betri moja, kila kimoja na mosfeti yake upande wa hasi. Mwenye kibanda anataka king'amuzi kizime saa za usiku, televisheni ibaki ikicheza sinema kwenye flashi. Saketi inazima king'amuzi. King'amuzi hakizimi! Taa yake inafifia, inawaka, inafifia.

Fundi anabadilisha mosfeti, kumbe mosfeti ni nzima. King'amuzi na televisheni vimeunganishwa kwa waya wa picha na sauti, na ganda la waya huo ni hasi ya vyote viwili. Umeifunga njia ya hasi ya king'amuzi, umeme ukatafuta nyingine: umepita kwenye ganda la waya wa picha, ukaingia televisheni, ukarudi kwenye betri kupitia mosfeti ya televisheni. Waya mwembamba uliotengenezwa kubeba picha sasa unabeba mkondo wa kifaa kizima. Siku nyingine unaondoka na soketi.

Dawa ni kukata chanya. Hapo unatumia mosfeti ya aina ya P, kwa mfano IRF9540N: sosi inatazama chanya ya betri, dreni inakwenda kwenye kifaa, resista ya kilo-omu 10 inashikilia geti kwenye chanya ili ibaki imezima, na transista ndogo kama BC547 inalivuta geti kwenda hasi unapotaka iwake. Hasi za vifaa vyote zinabaki pamoja, kama zilivyotengenezwa ziwe. Ukinzani wa IRF9540N ni mkubwa kuliko wa dada yake wa aina ya N, karibu omu 0.12, hivyo ampea 2 zinatoa nusu wati ya joto. Bei hiyo naikubali. Ukiwa na mfumo wa volti 24 usiifunge hivyohivyo, kwa sababu geti halivumilii zaidi ya volti 20. Gawa volti kwa resista mbili kwanza.

Kuna mahali pengine uongo huu unakaa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu. Tazama chaji kontrola ya paneli yako, ile ya bei nafuu yenye matundu sita: mawili ya paneli, mawili ya betri, mawili ya mzigo. Ukiikuta haijafungwa, pima kwa mita kati ya chanya tatu. Kwenye nyingi utakuta zote ni moja, zimeunganishwa ndani moja kwa moja. Kinachokatwa na mosfeti zake ni hasi. Sasa anakuja fundi mwenye huruma ya waya, anaunganisha hasi zote pamoja kwenye skrubu moja, kwa sababu "hasi ni hasi tu". Amezirukia mosfeti zote. Taa zinawaka, simu zinachaji, fundi analipwa.

Shida inakuja usiku. Kontrola inaona betri imeshuka, inaamuru mzigo ukatwe, na mzigo haukatiki kwa kuwa una njia yake ya pembeni. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na kutulia husoma karibu 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Kontrola nyingi hukata mzigo ikikaribia 11. Hii inapita hapo na kuendelea kushuka. Ikilala hivyo siku kadhaa, fuwele za salfeti zinaganda kwenye sahani zake na betri hairudi tena ilivyokuwa. Mchana nako, hasi ya paneli ikiwa imeunganishwa pembeni, betri inachajiwa bila breki mpaka maji yanachemka. Baada ya miezi michache utasikia hukumu mtaani: kontrola za kisasa hovyo, betri za kisasa hovyo. Mimi ningeanza kwa kuitazama ile skrubu moja.

"Transista ikizima, umeme hauendi wala haurudi"

Uongo kwa mosfeti. Ndani ya kila mosfeti ya nguvu mna dayodi ambayo hukuiomba, imezaliwa nayo. Mosfeti iliyozimwa ni kama lango la zizi linalofungukia ndani: ng'ombe waliomo hawatoki, lakini aliye nje akilisukuma anaingia. Kwa kifaa cha kawaida hili halikusumbui, maana televisheni haisukumi umeme kurudi kwenye betri.

Linasumbua pale unapochagua kati ya vyanzo viwili. Betri ya nyumbani ina volti 12.7, ya pikipiki imechoka ina 11.6. Umeweka mosfeti moja kwa kila betri, unadhani unatumia moja na nyingine imetulia. Kumbe ile iliyojaa inaisukuma iliyochoka kupitia dayodi ya ndani, na asubuhi unashangaa ya nyumbani imeishia wapi. Ukitaka kufunga pande zote mbili, weka mosfeti mbili zilizogeuziana migongo, sosi kwa sosi. Kwa mizigo midogo kuna njia ya mkato: dayodi mbili za aina ya Schottky, moja kwa kila betri. Yenye volti nyingi ndiyo itakayolisha, nyingine itakaa kimya. Unapoteza kama nusu volti, nayo inageuka joto, ila huhitaji amri yoyote wala kujua mosfeti ni nini.

"Rilei ni mambo ya kizamani, transista inafanya yote"

Uongo, na huu sitautania sana.

Umeme wa TANESCO ni volti 230, unageuka huku na huko mara 50 kwa sekunde, na kilele chake kinagusa volti 325. IRFZ44N imeandikiwa 55. Hata ungepata mosfeti ya volti 600, moja peke yake ingepitisha nusu ya wimbi kupitia ile dayodi ya ndani. Kuna triaki, kama BT136, iliyotengenezwa kwa umeme wa namna hii, na inafanya kazi nzuri kwenye swichi za kupunguza kasi ya feni. Lakini triaki iliyozimwa huvujisha kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuiwasha taa ya LED kwa unyonge usiku kucha.

Kuvuja kidogo hakuudhi mpaka ufike kwenye swali la kubadilisha nyumba kati ya TANESCO na inveta au jenereta. Huko kosa linaua mtu usiyemwona. Umeme umekatika, umewasha jenereta, na kuna njia, hata ndogo, ya kurudi kwenye waya wa mtaa. Transfoma inayoshusha volti kutoka 11,000 au 33,000 hupandisha vilevile ikilishwa kinyume. Juu ya nguzo kuna fundi wa TANESCO anayeamini laini imekufa. Kwa kazi hiyo inatakiwa swichi ya kubadilishia ya chuma, yenye pengo la hewa, ambayo kwa maumbile yake haiwezi kugusa pande mbili kwa wakati mmoja, na inafungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Transista ikae mbali.

Ikitulia upande wake, rilei na transista ni marafiki wakubwa. Rilei ndogo ya volti 12 yenye koili ya omu 400 inahitaji miliampea 30. BC547 inabeba hadi 100. Weka resista ya kilo-omu 4.7 kwenye besi, na umeme mdogo wa saketi yako unaamuru pampu au kontakta bila kugusana nayo kabisa. Usisahau dayodi ya 1N4007 kinyumenyume kwenye koili. Mafundi wa zamani wanasisitiza dayodi hiyo na wana haki: koili ikikatwa ghafla inajibu kwa kishindo cha volti nyingi, huenda mamia, na BC547 imeandikiwa 45.

"Radi ikianza, chomoa vyote. Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha"

Kweli, kweli tena. Hapa wazee wanapata maksi zote.

Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi Afrika, na dhoruba zake hupenda usiku, wakati vifaa viko kwenye chaja. Swichi ya transista iliyozima haijakata waya. Pengo lake ni unene wa silikoni, na volti zikizidi kiwango chake zinaweza kulitoboa. Radi haina habari na volti 55. Plagi iliyochomolewa ina pengo la hewa la sentimita nyingi, na waya wa antena nao uchomoe. Kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu hakubadilishi chochote, na radi ya kutumwa na jirani mwenye wivu nawaachia wanaoijua.

Kuhusu umeme kurudi: dakika za kwanza friji, pampu na mashine za kusaga za mtaa mzima zinaanza kwa pamoja, na volti zinayumba. Wazee walisema subiri. Unaweza kuiachia saketi isubiri kwa niaba yako: IC ya 555, resista ya megaomu 1 na kapasita ya maikrofaradi 100 zinahesabu karibu dakika mbili, kisha transista inaamsha rilei. Hesabu ifanywe na 555. Usiweke kapasita kubwa moja kwa moja kwenye geti la mosfeti ili ifunguke polepole, maana itapita taratibu katika ile hali ya katikati, ikiungua njiani.

"Transista ikiungua, kifaa kinazima tu"

Uongo. Mara nyingi inakufa ikiwa imefunguka. Silikoni inayeyuka, dreni na sosi zinakuwa kitu kimoja, na saketi yako inaamuru "zima" bila wa kuitikia. Taa inayobaki ikiwaka si msiba. Betri inayoendelea kuchajiwa baada ya kujaa, au pampu inayozunguka kisima kikiwa kikavu, ni habari nyingine. Kuitambua ni rahisi: itoe, weka mita kwenye alama ya dayodi, unganisha geti na sosi kwa sekunde ili chaji iondoke, kisha pima dreni na sosi pande zote mbili. Nzima itasoma upande mmoja tu. Iliyokufa kwa shoti inasoma sifuri huku na huku.

Kwa hiyo nyuma ya kila transista ya kugawa umeme kuwe na kitu kinachokata kwa kukatika kweli: fyuzi, karibu kabisa na chanya ya betri, kabla waya haujaanza safari. Televisheni, king'amuzi na taa zikila ampea 3.5 kwa pamoja, fyuzi ya 5 inafaa.

"Fyuzi ikikatika, kipande cha waya kinatosha"

Uongo. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unahitaji zaidi ya ampea 100 ili uyeyuke. Betri ya gari inazitoa hizo bila kutoka jasho, na mpira wa nyaya zako utakuwa umeshashika moto kabla kipande hicho hakijakatika.